Vipimo vya Mwanamke Mwingine

Bi Mkasi alikuwa na wivu, na hilo tuliseme mapema asije mtu akadhani tunamsingizia. Alimwonea wivu mwanamke aliyekwisha kufa. Mke mwenza aliye hai, unaweza kumpita barabarani ukamgeuzia shingo, ukamsema kwa majirani, ukamwombea anenepe. Marehemu unamfanya nini? Kila anayemtaja anashusha sauti, na kila mwaka unaopita anazidi kuwa mzuri. Mkasi hakuwahi kumtia machoni hata siku moja, lakini alimchukia kwa bidii, kama mtu mwenye kazi ya kumaliza.

Jina la Mkasi alipewa na wateja, wengine wakisema ni kwa ajili ya kazi yake, wengine kwa ajili ya ulimi wake. Alikuwa fundi wa nguo za kike. Chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na wazazi ndicho kilikuwa duka lake: cherehani mbili chini ya dirisha, meza ndefu ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka kona moja, pazia la kujaribishia nguo, na benchi la wateja ukutani. Mdogo wake, mjane asiyejua kunyamaza, ndiye aliyepiga pasi na kutia vifungo. Mkasi mwenyewe hakuolewa. Waliokuja kuposa walikuwepo, akawakatakata mmoja mmoja mpaka wakaisha.

Siku hizi kwenye benchi lile alikuwa anakuja kukaa mzee mmoja mrefu, mkimya, ambaye vifungo vya mashati yake vilikuwa vinakatika kwa kasi ya ajabu. Watu walimwita Spea. Maisha yake yote ya kazi alitunza stoo ya vipuri katika kiwanda kimoja cha mbali, na alikuwa na kipaji kimoja tu: namba ikishaingia kichwani mwake, haitoki. Ukimtajia mashine iliyokufa zamani, atakwambia beringi yake ilikuwa namba gani na ilikaa rafu ipi. Sasa alikuwa amestaafu, amefiwa na mkewe, na amerudi kwao.

"Hivi vifungo unavitafuna?" mdogo wake Mkasi alimwuliza siku moja, huku akipokea shati jingine.

"Mashati ya siku hizi hayana uzi, shemeji," Spea akajibu.

Kusikia hilo "shemeji", Mkasi aliinamia cherehani yake uso usionekane. Alishona mshono mzima bila kuangalia, ikabidi aufumue.

Maana Spea ndiye aliyekuwa wa kwanza. Mkasi alikuwa binti anayejifunza ufundi kwa mama mmoja mkali sana, na Spea alikuwa kijana asiye na kazi ambaye ghafla akawa anapenda mno kukaa karibu na nguo za wanawake. Mwalimu yule alikuwa na kanuni yake: mwanafunzi ajipime mwenyewe mpaka aweze, na asiyejua mwili wake asiguse wa mteja. Kujipima mgongo peke yako hakuwezekani, basi Spea alishika mwisho wa utepe na kusoma namba kwa sauti, mwalimu akiwa amekaa mlangoni kuhakikisha kwamba anasoma na hafanyi lingine. Walipendana hivyo hivyo, kwa inchi.

Kisha kazi ya kiwandani ikapatikana. Spea alitaka waondoke wote. Mama yake Mkasi alikuwa hoi kitandani, mdogo wake bado anasoma, na badala ya kusema hayo kwa upole, Mkasi akatumia ulimi. "Nenda. Kama unanitaka, njia ya kurudi unaijua." Spea akaenda. Njia ya kurudi hakuifuata. Mwaka wa pili shangazi yake Spea akaja kwa Mkasi na kitambaa cha bei mbaya, akataka ashonewe nguo ya kwendea harusini. "Harusi ya nani, shangazi?" Shangazi akamtaja mpwa wake, bila hila, kwani hakujua lolote. Mkasi akaishona nguo ile. Aliishona kwa hasira, na ikatoka nguo nzuri kuliko zote alizokuwa ameshona mpaka siku hiyo.

Sasa mwanamume karudi, anakata vifungo. Amekwisha kusema, tena mbele ya mdogo mtu, kwamba harusi ya binti yake ikipita ana jambo la kuzungumza na mwenye duka. Jambo lenyewe halikuhitaji kufikiriwa sana. Mkasi alilitaka, alilitaka mpaka akaanza kupaka mafuta mikono kila asubuhi. Kilichomkosesha raha ni lile neno "marehemu". Marehemu alipenda chai isiyo na sukari. Marehemu alikuwa na mkono wa kuotesha maua. Kila likitajwa, Mkasi alijikaza akasema "Mungu amrehemu", na moyoni akajiuliza: huyu bwana ananitaka mimi, au amechoka kukaa na kiti kitupu? Kuolewa alitaka. Kuwa kiraka hakutaka.

Ndipo Spea akaja na mfuko.

"Ni gauni la marehemu," alisema, akilitandaza mezani kwa mikono miwili. "Binti anataka kulivaa usiku wa sherehe. Ameshatuma vipimo, mwenyewe atafika Ijumaa. Ndilo gauni la kwanza nililompa mama yake, kabla hatujaoana."

Lilikuwa gauni refu, kijani iliyokolea, la kitambaa kizito kinachoanguka vizuri, na bitana ndani. Mkasi alilipokea kwa ncha za vidole, akamwandikia risiti kama mteja yeyote.

Mwanamume alipotoka, gauni likatundikwa ukutani. Lilining'inia pale likimtazama. Mkasi akavumilia kidogo, kisha akainuka akaligeuza liangalie ukuta.

"Limekutukana?" mdogo wake akauliza.

"Piga pasi."

"Dada, huyo mtu amekufa. Gauni halina kosa."

"Nimesema piga pasi."

Asubuhi iliyofuata alilifungua. Alipoona ndani, roho yake ikapata nafuu kidogo, maana mishono ya ubavuni ilikuwa ya kutisha. Fundi wa kwanza alikuwa fundi kweli, mshono wake wa cherehani ulionyooka ulikuwa bado unaonekana hapa na pale. Lakini baadaye mtu mwingine alikuwa amelipunguza na kulipandisha kwa mkono, kwa sindano nene, hatua moja ndefu na moja fupi, hii ikienda kulia na ile kushoto. Mkasi akamwita mdogo wake aje kuangalia.

"Mwanamke mwenye mkono wa maua," alisema. "Hebu ona. Kuku angeshona vizuri zaidi."

Akachukua kifumulio, akaanza na ubavu wa kushoto. Alifumua kwa furaha, nyuzi zikimwagika sakafuni. Alipofika begani alikuta pedi. Pedi si ajabu, ila hii ilikuwa upande mmoja tu. Bega la kulia halikuwa na kitu, la kushoto lilikuwa limejazwa vipande vya flana vilivyokunjwa na kushonewa ndani ya bitana, vinene kama sabuni ya kuogea iliyotumika nusu. Akavitoa. Bega la gauni likalala chini.

Mkasi akasimama. Alipokuwa mtoto alianguka mtini akavunjika mtulinga, mfupa ukaunga vibaya, na tangu siku hiyo bega lake la kushoto lilikuwa chini ya la kulia kwa inchi moja kasoro. Nguo zake zote alizikata hivyo. Fundi mwingine hawezi kukata bega hivyo kwa bahati mbaya, labda awe ameambiwa.

Kitambaa kizito hakisahau. Ukifumua mshono, vitundu vya sindano ya kwanza vinabaki pale pale ulipopita. Mkasi akafuata vitundu vile kwa chaki, kiuno, nyonga, urefu wa mgongo, kisha akaweka utepe. Alipomaliza, alikaa chini kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu duka lifunguliwe.

"Umeona nyoka?" mdogo wake akauliza, akiiweka pasi pembeni.

"Nimejiona mimi," Mkasi akasema.

Spea alikuja saa za mchana na shati lake. Mkasi hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Gauni hili ulipompelekea fundi, ulimpa vipimo vya nani?"

Mzee akatazama gauni, akatazama dirisha, akatazama mdogo mtu ambaye ghafla alikuwa anapiga pasi kitambaa kikavu kisicho na hata kunjo moja.

"Nilitaka liwe zawadi, asijue," alisema polepole. "Fundi akadai vipimo. Sikuwa na vipimo vyake. Nikataja namba nilizozizoea."

"Za nani?"

"Unajua za nani," Spea akasema. "Sikuwahi kujua nyingine."

Hapo tuwe wakweli: Bi Mkasi alifurahi. Si furaha ya kistaarabu. Ilikuwa furaha mbaya, yenye kucha, iliyomkaa tumboni mpaka jioni akala na kuongeza. Miaka yote ile alidhani kule mbali kuna mwanamke anayepewa vilivyokuwa vyake, kumbe mwanamke mwenyewe aliletewa gauni lenye mwili wa Mkasi ndani yake, akabaki anaparuza na sindano apate pa kuingia. Siku ile alishona huku akiimba kwa pua. Moyoni alizungumza na marehemu, akamwambia: umeona, mama? Umeona nani alikuwa nani? Akakata shauri kulifumua lote. Atatoa kila mshono wa mkono ule, alirudishe kwenye mistari ya kwanza, kisha alipunguze upya kwa kazi safi, ili binti aolewe bila uzi hata mmoja wa yule kuku.

Binti alifika siku moja kabla ya kutarajiwa. Ubavu wa kushoto ulikuwa umefumuliwa wote, wa kulia bado. Alikuwa muuguzi, mwembamba, mabega yamenyooka kama rula, na Mkasi hakuhitaji kuambiwa ameyatoa kwa nani.

"Shikamoo, mama," binti alisema.

"Marahaba. Karibu. Ingia nyuma ya pazia nikujaribishie."

Lakini binti alikuwa ameona sakafu. Aliinama akaokota uzi mmoja uliojikunja, akauzungushia kidoleni.

"Umezifumua zote?"

"Upande mmoja. Zilikuwa mbaya, mwanangu. Aliyeshona hakuwa fundi."

"Hakuwa," binti akasema. "Mama hakujua kushona. Hata kifungo alikuwa anampelekea jirani. Alijifunza kwa ajili ya gauni hili tu, akalishona, hakushona tena kitu kingine." Akatabasamu kidogo. "Alinisimulia mara moja, nilipopata mchumba. Alisema zawadi ilipokuja akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akajua papo hapo kwamba baba alikuwa na mtu, na mtu huyo bega lake moja limeshuka."

Pasi ikanyamaza.

"Akamwuliza baba yako?" Mkasi akasema, na sauti haikuwa yake.

"Hapana. Alimwambia ni zuri, akashukuru. Ila alisema mwaka mzima alikuwa akienda sokoni anaangalia mabega ya wanawake. Akikuta lililoshuka, anamfuata mtu mpaka amwone uso." Binti akacheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani. Macho yake yalikuwa yameshuka kutoka usoni kwa Mkasi mpaka begani, yakakaa pale.

Mdogo mtu akainama, akaanza kuokota nyuzi sakafuni.

"Baadaye aliacha," binti akaendelea, taratibu, kama anayemwekea mgonjwa bandeji. "Alilivaa kwenye kila shughuli, mpaka ya kubatiza watoto wa jirani. Alisema, gauni alishonewa mwingine, lakini nimelivaa mimi." Akauweka ule uzi mezani. "Nakuomba upande uliobaki usiuguse. Huu wa kushoto fanya unavyoona inafaa, mama."

Alipoondoka, Mkasi alibaki amesimama mbele ya kioo. Furaha yake ilikuwa imemtoka kama hewa, na wivu umerudi pale pale, tena na mizigo. Jana alijiona ameshinda. Leo aliona hesabu ilivyo: yeye alikuwa na namba, na yule mwingine alikuwa na mume, mtoto, miaka, shughuli za majirani, na gauni. Alimwonea wivu mwanamke yule mpaka vidole vikamfa ganzi. Alimwonea wivu hata ile mishono, kwa sababu yeye hajawahi kuwa na mtu wa kumfanya ashone vibaya kiasi kile bila kukata tamaa.

Upande wa kushoto aliufanya kwa mkono. Alijaribu kuufananisha na wa kulia, hatua ndefu, hatua fupi, na mkono wake ukakataa, ukawa unanyooka wenyewe. Ilimchukua siku mbili kushona vibaya inavyotakiwa. Pedi ya flana hakuitupa, aliirudisha ilipokuwa, kwa sababu bila pedi bega la binti lingekaa upande. Siku ya sherehe hakwenda, alisema kichwa kinamwuma. Waliokwenda walisema gauni lilipendeza, na mdogo mtu alileta picha kwenye simu, akaiweka mezani mwenyewe bila kutania.

Baada ya hapo Spea alikuja. Siku hiyo hakuwa na shati. Alikuwa amenyoa, amevaa koti, na mkononi ana boksi lililofungwa utepe. Mdogo mtu akakumbuka mara moja kwamba ana safari ya kwenda kununua vifungo, ingawa kabati lilikuwa limejaa vifungo.

Spea akakaa kwenye benchi. Alisema aliyokuja kusema, na aliyasema vizuri, bila kuzunguka: kwamba alikuwa mjinga na mwenye kiburi, kwamba hakuwa na maisha mabaya na hatamsingizia marehemu, kwamba angependa siku zilizobaki azimalizie pale Mkasi alipo. Mkasi alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Maneno yale alikuwa ameyangoja tangu akiwa na kiuno. Alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa ndiyo, lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno.

"Fungua kwanza," Spea akasema.

Ndani kulikuwa na viatu. Viatu vizuri, vya ngozi laini, rangi ya kahawia, kisigino kifupi cha mwanamke mtu mzima. Mkasi akavua ndala, akaingiza mguu. Mguu ukaingia vidole, ukaingia unyayo, ukagoma. Akasukuma. Kisigino kilibaki nje chote. Akajaribu wa pili, ikawa vile vile, naye akakaa pale na visigino vyake hewani, akivitazama.

"Umechukua namba ya nani?" akauliza.

Damu ikampanda Spea usoni.

"Muuzaji aliniuliza namba," alisema. "Nikataja niliyoizoea."

Yalikuwa maneno yale yale. Mara ya kwanza yalimlisha sahani mbili. Sasa yalimkaa kooni, na akamwona yule mwanamke mbele ya kioo chake, kijana, mchumba wa mtu, gauni jipya mwilini na bega linaning'inia, akitafuta uso wa kuweka kabla hajageuka.

"Lile gauni," Mkasi akasema, "ulipompa, alisema nini?"

"Alisema ni zuri. Akanishukuru."

"Ndiyo." Mkasi akavua kiatu cha kwanza, akavua cha pili, akavifuta vumbi kwa upindo wa gauni lake na kuvirudisha kwenye boksi, kimoja kichwa huku, kingine kichwa kule, kama vilivyokuja. Utepe aliufunga sawasawa. "Yeye alishukuru, akakaa na jambo lake mwaka mzima anafuata watu sokoni. Mimi sishukuru. Na sitakaa nalo hata mpaka jioni. Nina wivu, bwana we. Nina wivu na mkeo, namwonea wivu mpaka nakosa usingizi, na leo umeniletea miguu yake nyumbani kwangu."

"Nisamehe. Nitavirudisha."

"Virudishe. Muuzaji atakuuliza namba."

Spea akasimama na boksi lake. Alikuwa amezeeka ghafla, koti limemzidi. Mzee mwenye stoo nzima kichwani alitafuta rafu moja baada ya nyingine, na Mkasi alimwona akitafuta, na hakumsaidia. Alifika mpaka mlangoni, mguu mmoja nje, ndipo akageuka.

"Unavaa namba ngapi?" akauliza.

Mkasi alimwacha asimame pale na swali lake, apitwe na watu wa barabarani, mpaka akaona kwamba kweli hajui na kweli anangoja. Kisha akamwambia namba yake, akamfanya airudie.